Kicheko Kilichochelewa Nusu Pumzi

Nimestaafu. Keki ilikatwa, hotuba zikasomwa, nikapewa kiti cha kuegemea, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu aliyefanya kazi yake yote akiwa amesimama. Kisha vijana wa chumba cha sauti wakanivuta kando wakaniambia, "Mzee Athmani, tuandikie yale mambo yako kabla hujayasahau." Nikawajibu kwamba sijasahau kitu. Mmoja wao akanipa kofia yangu, ambayo nilikuwa nimeiacha chooni.

Basi naandika. Ya vyeo sitayataja, na ya mshahara ni mafupi mno kujaza ukurasa. Nitaandika juu ya kusikia, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya, na juu ya kichekesho kimoja cha televisheni kilichonifunza kwamba nilikuwa bado sijajua kusikia. Anayetaka kujua ni maiki gani ya kununua aende dukani akaulize.

Nilizaliwa Majengo, kwenye nyumba ambayo ukipiga chafya, jirani wa tatu hukuombea rehema. Kazi nilianzia kwa Bhai Yusufali, fundi wa redio katika uchochoro mmoja wa Mji wa Kale, duka lenye upana wa mlango na nusu. Siku ya kwanza nilidhani atanipa chuma cha lehemu. Alinipa kiti, akanifunga macho kwa leso yake, akaniambia nimtajie kila kinachopita nje. Nikakaa kitambo kirefu, kisha nikasema: mkokoteni, mwanamke, paka.

"Mkokoteni una mzigo au mtupu?" akauliza Bhai. "Mwanamke ana haraka au hana? Na huyo paka mimi sikumsikia."

Paka hakuwepo. Nilimwongeza ili nionekane nimesikia mengi. Bhai hakunigombeza. Alinifunga leso upya, nikakaa hivyo wiki nzima, na mwisho wa wiki nilikuwa naweza kumjua mteja kwa anavyovua viatu. Niliona, au niseme nilisikia, kwamba mji mzima ulikuwa ukisema nami tangu utotoni na mimi nilikuwa nikipita tu.

Bhai ndiye aliyenifunza pia kwamba kila chumba kina kimya chake. Kabla ya kufungasha vyombo vyako, alisema, waombe watu wote wanyamaze dakika moja, urekodi ule ukimya, maana siku ya kuunganisha sauti ndio utakaoziba mianya. Nimelishika hilo mpaka siku ya mwisho. Nina sanduku zima la ukimya: wa madrasa mchana wa likizo, wa ukumbi wa harusi bibi harusi akisubiriwa, wa stoo ya karafuu. Mke wangu huniuliza nitalifanyia nini. Wakati mwingine, alasiri yenye joto, navaa hedifoni, nachagua chumba kimoja, nakaa ndani yake. Sina jibu bora zaidi la kumpa.

Kutoka kwa Bhai nikaenda kurekodi harusi na mihadhara, na kutoka huko nikaajiriwa kurekodi habari. Niliwahi kusimama Kibarani enzi za lile jaa la taka za mji, nikimrekodi mama mmoja aliyekuwa akiokota chupa, na kunguru walikuwa wengi hata mhariri akaniuliza kama mahojiano yalikuwa ya mama au ya kunguru. Nikamwambia kunguru ndio waliokuwa na mengi ya kusema. Hakupenda. Miaka ile ilinifunza kubeba vitu vizito na kula nikiwa natembea, basi.

Halafu akaja Mwalimu Rukia. Alikuwa amesomesha watoto wa darasa la tatu maisha yake yote, na alikuwa na madaftari kumi na moja ya mazungumzo aliyoyaandika kwa wino wa kijani. Kituo kimoja kilikuwa kimemwahidi nafasi ya nusu saa kila Jumapili. Alinikuta barazani akakaa mbali kidogo, kama ilivyo adabu, akasema, "Nataka kufanya kichekesho ambacho hakuna mtu anayepigwa kofi."

"Basi kitachekesha kwa kitu gani, Mwalimu?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Yeyote, ukimtazama vya kutosha."

Ndivyo kilivyozaliwa kipindi cha Duka la Mzee Kombo. Mzee Kombo ana duka la saa kuukuu Kibokoni, na shida yake ni moja tu: hawezi kuachana nazo. Mteja akitaka kununua, hupewa sababu ya kutonunua. "Hii? Hii yaenda mbio mno, babako mtu mzima atachoka kuifuata." Akishindwa akauza, humfuata mteja mpaka nyumbani kuangalia saa itatundikwa wapi, na mara nyingi huishia kubaki kwa chakula cha mchana. Hakuna zaidi ya hapo. Afisa wa kituo alisoma daftari la kwanza akataka mzee aanguke angalau mara mbili kila kipindi. Mwalimu Rukia akamwambia ataanguka siku atakayotaka mwenyewe.

Aliyeigiza Mzee Kombo alikuwa Bwana Musyoka, karani wa reli, Mkristo kutoka bara, mtu mrefu mwenye uso wa kama ameulizwa swali gumu. Kabla ya kurekodi chochote alikaa mwaka mzima kwenye baraza za Mji wa Kale akinywa kahawa na kusikiza wazee, na alipofungua kinywa siku ya kwanza mbele ya kamera, bibi mmoja aliyekuwa akichungulia aliuliza ni wa ukoo gani. Kipindi kilipokolea, watu walianza kumletea saa zao mbovu njiani. Alizipokea zote. Alizipeleka kwa fundi kimyakimya, kisha akazirudisha akilalamika kwa sauti ya Mzee Kombo kwamba zinamvunja moyo kuondoka.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini kipindi kitulivu kama kile kilipendwa. Wataalamu wana majibu yao. Mimi nina masikio tu. Kicheko cha kumdharau mtu hukatika ghafla, anayekicheka akatazama pembeni kuona nani mwingine amecheka. Kicheko cha kumpenda mtu hushuka polepole, kina pumzi ndefu mwishoni, na mara nyingi huishia kwenye neno: "maskini," au "jamani," au jina la huyo mtu. Nilipokuwa nikisikiza watu wakimtazama Mzee Kombo, nilisikia zile pumzi za mwisho, moja baada ya nyingine, kama nyumba nzima imeshusha mzigo. Watu wanachoka kuwa macho dhidi ya wenzao. Ukiwapa nusu saa ambayo hakuna anayevizia kumwaibisha mwingine, hukaa wakaegemea ukuta.

Sasa nifike kwenye namna yetu ya kufanya kazi, maana ndiyo iliyoniponza. Wengine hununua vicheko vilivyorekodiwa nchi za mbali wakavibandika kwenye vipindi vyao. Mwalimu Rukia alikataa. "Sitaki Mzee Kombo achekwe na watu wasiomjua," alisema. Kwa hiyo kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, kipindi kikishaunganishwa, tulikionyesha kwanza kwa majirani, pale pale kwenye nyumba tuliyokodi Kibokoni. Wanawake walikaa uani juu ya mikeka, wanaume barazani nje, kila upande na televisheni yake, na mimi nikarekodi kicheko chao na kukitia ndani ya kipindi. Mwalimu alimwomba idhini kila mwanamke kwa jina lake. Mimi nilikaa kijichumba cha pembeni na hedifoni zangu, sioni mtu, nawasikia wote.

Maiki moja niliitundika juu kabisa ya ukuta wa ua, mbali na mikono ya watoto. Niliivisha kifuko cha manyoya cha kukinga upepo, ambacho paka wa Kibokoni walidhani ni jamaa yao aliyetiwa adabu. Ukuta ule ulikuwa wa nyumba ya jirani yetu, Bi Zena, na futi mbili juu ya maiki palikuwa na dirisha lake. Mtu yeyote aliyekulia mji huu anajua nyumba zetu zinavyosikilizana. Nami nilijua, nikaitundika tu.

Bi Zena alikuwa mwanamke mtu mzima, mkavu wa maneno. Watu walisema hawajawahi kuyaona meno yake. Aliishi na mwanawe wa pekee, Abdalla, kijana wa ofisi za bandari, na mke wa Abdalla, Swafiya, msichana mpole kutoka Lamu. Abdalla alishikwa na homa, na siku ya tatu akafariki. Swafiya akaingia eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa ndani bila kujipamba wala kutoka ovyo. Sisi tukasimamisha kazi kwa heshima ya jirani. Siku arobaini zilipotimia, Bi Zena mwenyewe alimwita Mwalimu Rukia akamwambia, "Endeleeni. Nyumba imekuwa kimya mno."

Alhamisi ya kwanza baada ya hapo tulionyesha kipindi ambacho Mzee Kombo ameuza saa, amemfuata mnunuzi nyumbani, na sasa anaukagua ukuta wa buluu wa kuitundikia. Anautazama kwa muda mrefu. "Saa hino haipendi buluu," anasema mwisho, kwa huzuni ya kweli. Uani wakacheka. Na nusu pumzi baada yao, kikaja kicheko kingine.

Sijui nikielezeje. Kilianza chini kifuani, kikapanda kana kwamba kinatafuta njia iliyosahaulika, kikafunguka, kisha kikashuka taratibu mpaka kwenye neno moja, "basi," lenye filimbi nyembamba kwenye ile s. Nilifumba macho. Kwa muda nilisahau waya, nilisahau mita, nilikuwa mahali fulani penye kivuli ambapo hakuna aliyewahi kuniudhi. Nilirudia kukisikiza jioni ile labda mara arobaini. Nikakitia kwenye kipindi, tena nikakipa nafasi, nikawashusha wengine kidogo ili kisikike vizuri. Kipindi kikaenda hewani Jumapili.

Jumatatu nilipopita, baraza zilinyamaza. Mwalimu Rukia alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Athmani, ile maiki ya ukutani iko wapi?"

"Pale pale siku zote."

"Chini ya dirisha la nani?"

Nikainua macho ukutani. Wanawake wa Kibokoni wanajuana vicheko kama wanavyojuana mapishi. Walikuwa wamekaa mbele ya televisheni wakihesabu: huyu fulani, huyu fulani, na huyu je? Hakuwa yeyote kati yao. Wawili waliokaa karibu na ukuta walikumbuka kwamba siku ile walisikia kitu juu wakainua macho. Nyumba ile ilikuwa na wanawake wawili tu, na mmoja hajapata kucheka tangu azaliwe. Kwa hiyo ni Swafiya. Mume hana siku hamsini kaburini, na mjane yuko dirishani anacheka na televisheni ya jirani, na nchi nzima imemsikia.

Hakuna aliyesema dini imekataza. Haikukataza, na wenyewe walijua. Ilikuwa aibu mbele ya walimwengu tu. Waliokuwa wakienda kukaa naye alasiri wakapata shughuli nyingine. Kisha ami wa marehemu, Hafidhi, mzee aliyesikizwa katika ukoo, akasema barazani mbele ya watu kwamba eda ikiisha msichana arudi kwao Lamu. "Aliyepata cha kucheka hana haja ya kukaa nyumba ya msiba," alisema. Swafiya alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu kwamba anataka kubaki na mavyaake, Bi Zena; wawili hao hawakuwa na mtu mwingine duniani isipokuwa wao. Sasa neno moja la Hafidhi lilikuwa linawatenga, na neno hilo lilitoka kwenye maiki yangu.

Vijana, mtanisamehe, hapa mkono wangu mzito. Nimeharibu sauti nyingi maishani, nimefuta mahojiano ya waziri kwa kidole gumba, na sikukosa usingizi. Hili lilinikosesha.

Nikaenda na Mwalimu Rukia kuomba radhi. Bi Zena alitupokea ukumbini, amekaa wima kitini, na Swafiya alikuwa nyuma ya pazia, kama inavyompasa. Tulitoa salamu, tukatoa pole, kahawa ikaletwa. Nikasema nilichokuja kusema: kwamba nimechukua sauti ya nyumba yao bila ruhusa, na kwamba niko tayari kwenda barazani niseme kicheko kile nilikitoa kwenye kanda ya zamani ya harusi, hakikutoka kwao kabisa.

"La, kaka Athmani," ikasema sauti nyuma ya pazia. "Usitie uongo juu ya shingo yako kwa ajili yangu. Waache waseme ni mimi."

Nilikuwa na kikombe mkononi, nikakishusha. Ile ilikuwa sauti nyembamba, ya juu, inayotokea karibu na pua, yenye pumzi fupifupi. Sauti ya koo changa. Nilikuwa nimeishi na kile kicheko siku kadhaa, nilikijua kuliko ninavyojua kikohozi changu, na hakikuwa na njia ya kutoka kwenye koo lile. Tena msichana hakusema "ni mimi." Alisema waachwe waseme.

"Kunyweni kahawa," akasema Bi Zena, "isije ikapoa." Na kwenye "isije" nikaisikia ile filimbi.

Njiani Mwalimu Rukia aliniuliza mbona nimekuwa bubu. Nikamwambia kichwa kinauma. Siku mbili nilitembea nalo. Nikisema nilichosikia, namwokoa mjane na kumvua nguo mama aliyezika mwanawe. Nikinyamaza, Swafiya anapakiwa kwenda Lamu. Mwisho nikaona kwamba mimi si kadhi, mimi ni fundi wa sauti, na sauti ina mwenyewe. Cha mtu hurudishwa kwake. Nikachukua kinasa changu kidogo na hedifoni, nikamwomba Mwalimu tuende tena, na tulipofika nikamwomba aingie ndani akae na Swafiya.

"Bi Zena," nikasema tulipobaki, "nimeleta kitu chenu. Ukitaka nikifute, nakifuta hapa mbele yako. Lakini kwanza ukisikie."

Aliitazama ile mashine mkononi mwangu. Kisha akaurudisha mtandio nyuma kidogo, akaniacha nimvike hedifoni juu ya kitambaa. Nikabonyeza.

Nimewavika hedifoni watu wengi, na wote hufanya uso uleule mwanzoni, wa kushangaa kwamba dunia imeingia ndani ya kichwa. Bi Zena alikaa bila kutikisika. Kicheko kilipofika nilijua, kwa sababu mkono wake ulishika ukingo wa kiti. Kikaisha. Chumba kilikuwa na kimya kizito cha boriti kuukuu na mawe, na kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kukirekodi.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Rudisha." Nikarudisha tena.

Akavua hedifoni mwenyewe akaziweka mapajani. "Huyu ni mamangu," akasema. "Hivi ndivyo alivyokuwa akicheka. Sikujua kama aliniachia."

Nikakiweka kinasa chini.

"Abdalla alikipenda hicho kipindi chenu. Akirudi kazini yuwasimama hapo mlangoni, yuwafanya sauti ya huyo mzee. Mama, mlango huno sikuuzii, wapenda nyumba yake. Mama, sufuria hino yaniogopa. Nami nalijizuia. Nalimwambia, hebu tulia, mwanamume mzima. Miaka yote hiyo nalijizuia, sijui nalikuwa namwekea nani." Aliuzungusha waya wa hedifoni kidoleni. "Siku ile sisi tuko dirishani, mimi na Swafiya. Picha haionekani, yasikika sauti tu. Nikasikia hiyo habari ya buluu, nikasema ni Abdalla huyo yuko mlangoni. Ikanitoka. Swafiya akaniziba mdomo na kiganja, kisha akanikumbatia. Walipokuja kumuuliza hakunitazama hata kwa jicho. Akawaambia, nisameheni. Nami nimekaa papa hapa nikawaacha wamsengenye, wamle nyama. Mama gani acheka, kaburi la mwanawe bado bichi? Hilo ndilo nililoliogopa. Nimemtoa mtoto wa watu alipie aibu yangu."

"Nikifute, Bi Zena?"

"Ukikifuta, na wao watasahau walichosikia?"

"La."

"Alhamisi mwaonyesha saa ngapi?"

"Baada ya alasiri, kama kawaida."

"Haya," akasema, akanirudishia hedifoni zangu.

Alhamisi ile niliishusha maiki ya ukutani, nikaiweka chini katikati ya ua. Wanawake walikuwa wamekwisha kukaa nilipowasikia wakinyamaza wote kwa pamoja, kisha buibui likaburura sakafuni, na mkeka ukalia mtu mzito alipoketi. "Masalkheri," ikasema sauti ya Bi Zena. Wakamjibu mmoja mmoja, kwa shida. Yeye ni mama, hayumo edani, na kutoka kwake hakukuwa na lawama. Lakini alikuwa hajaingia ua ule hata siku moja.

Kipindi kikaanza. Mzee Kombo alikuwa amesahau kuisimamisha saa aliyoiuza kabla ya kuifunga ndani ya boksi, na sasa ilikuwa inagonga ndani ya mfuko wa mteja huku yeye akijifanya haisikii. Ni mahali pa kucheka. Hakuna aliyecheka. Niliwasikia wakipumua juujuu, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Mzee Kombo akainama polepole karibu na mfuko wa mteja akaunong'oneza, "Nyamaza, tutaonana kwa njia nyingine."

Bi Zena akacheka. Kikatoka kilekile, chini kifuani, kikapanda, kikafunguka, kikashuka mpaka "basi." Safari hii hakikuchelewa, kwa kuwa alikuwa anaiona picha.

Mtu mmoja alivuta pumzi akaisahau ndani. Nilisikia mikeka ikisagika wote walipomgeukia. Televisheni iliendelea kusema peke yake, halafu nadhani Mwalimu Rukia aliizima, maana ua ukawa mtupu kabisa, na kwenye utupu huo Bi Zena akainua sauti mpaka ifike barazani. Mlango wa mbele ulikuwa wazi.

"Mmesikia. Basi ni mimi. Na siku ile ni mimi. Abdalla ni wangu, nalimzaa mimi, nikimlia ni mimi, na nikimcheka ni mimi. Mwanangu Swafiya, aliye huko juu, hakucheka. Yeye bado hajapata cha kucheka, na mmemwacha peke yake nacho. Haya, inukeni mwende mkamtake radhi."

 Nje barazani nikamsikia Hafidhi akikohoa, kile kikohozi cha mzee anayetafuta mahali pa kuliweka neno lake la zamani. "Bwana Musyoka," akamwambia mwigizaji wetu aliyekaa kando yake, "hebu nisogezee fimbo yangu." Fimbo ikagonga jiwe. "Lamu hendi mtu," akasema, na hatua zake zikaondoka taratibu kuelekea msikitini.

Uani mwanamke mmoja aliinuka. Nilisikia goti lake likilia, kisha akainuka mwingine, kisha wengi. Walivaa viatu bila kusema, wakatoka kwetu wakaingia mlango wa pili. Hedifoni zangu zilinishushia sauti za ngazi za nyumba ile kupitia dirishani: kandambili, nyayo tupu, bangili, mtu aliyesimama katikati ya ngazi akafuta pua, akaendelea. Bi Zena alikuwa bado amekaa peke yake kwenye mkeka, karibu na maiki, anapumua. Juu mtu akasema "hodi" kwa sauti ndogo. Nikaizima mashine kabla Swafiya hajajibu.